Mafuta ya Kupima

Machi 2020 mume wangu alishuka Mlima Kilimanjaro na kundi lake la mwisho la wageni. Shule zilifungwa tarehe 17 mwezi huohuo, na Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Yeye anaishi kwa kuongoza watalii. Mimi nashona nyumbani kwa cherehani ya kukanyaga, na kazi inayonilisha zaidi ni sare za shule. Ndani ya wiki tatu wote wawili tulikuwa tumekaa kibarazani hapa Pasua, Moshi, na vyumba viwili vya kupanga, watoto wawili, na Sh180,000 kwenye simu.

Kukaukiwa kwa msimu tulishazoea. Kila nyumba inayokula kwa mlima inajua kuwa masika ikishika, Aprili na Mei, wageni hupungua na watu hujibana mpaka Juni. Mwaka ule hakuna aliyejua Juni itakuja na nini.

Jambo la kwanza nililofanya ndilo wanalofanya wengi: nilipunguza chakula. Nyama ikaondoka. Maziwa yakawa ya Elia peke yake kwa kuwa ndiye mdogo. Neema, aliyekuwa darasa la tano, akaacha kuomba ya pili bila mtu kumwambia. Baada ya wiki mbili nikahesabu kilichobaki, nikakuta hela inatoka karibu kwa kasi ileile. Hilo liliniuma kuliko yote. Watoto nimewapunguzia sahani, na sikuwa nimeokoa kitu.

Nina daftari ninaloandikia vipimo vya wateja, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Nililigeuza nyuma nikaanza kuandika kila shilingi iliyotoka, siku saba, hata ya kiberiti. Jumapili jioni nikakaa na kalamu. Niliyoyatuhumu, nyama na nauli, yalikuwa chini kabisa. Juu yalikaa yale ambayo sikuwahi kuyaita matumizi: mafuta ya kula ya 500 asubuhi na ya 500 jioni, mkaa wa 1,000 kila siku, sukari robo, unga kilo moja moja, sabuni ya unga ya pakiti ndogo, umeme wa 1,000. Nyumba nzima ilikuwa inaendeshwa kwa vipimo vya Mangi, mwenye duka la mtaani.

Fundi cherehani haamini macho, anaamini futi kamba. Jumatatu nilimtuma Neema dukani na chupa, akaleta mafuta ya 500. Nikayamimina kwenye chupa tupu ya maji ya lita moja, nikachora mstari kwa kalamu pale yalipofika. Jioni tena hivyo hivyo. Tuliendelea mpaka Ijumaa jioni, na vipimo kumi vikafika shingoni mwa chupa. Vipimo kumi ni Sh5,000. Dumu la lita 5 mjini wakati ule lilikuwa Sh20,000, yaani 4,000 kwa lita. Kwa kila lita nilikuwa nalipa shilingi elfu moja zaidi kwa sababu tu ya kununua kidogo kidogo. Mangi simlaumu, naye ana kodi ya fremu, na mafuta mengine humwagika anapopima. Lakini ile elfu moja ilikuwa ya nani kama si ya Neema na kikombe chake cha maziwa?

Mkaa nao niliupima. Kwa kopo, la 1,000 kila siku, ilikuwa Sh30,000 kwa mwezi. Gunia lilikuwa Sh38,000, na jirani anayetumia gunia aliniambia lake linafika siku hamsini.

Usiku huo nikamwonyesha mume wangu hesabu. Akasoma kimya, kisha akasema, "Mama Neema, hela yetu ndiyo hii. Ukiifungia kwenye dumu na gunia, mtoto akiugua usiku tutamshika mkono na nini?"

Aliuliza swali la kweli, na nadhani ndilo linalotufanya wengi tununue kwa kupima maisha yetu yote. Hela iliyo mkononi inaweza kuwa dawa, nauli au rambirambi. Ikishakuwa mkaa ni mkaa tu. Tukakubaliana nitoe 60,000 na zaidi ya hapo nisiguse. Dumu moja, gunia moja, chenji nauli ya mkokoteni. Na sharti lingine alilolitoa yeye, ambalo leo naliona kuwa ndilo lililotuokoa: zile 2,000 nilizokuwa nampelekea Mangi kila siku kwa mafuta na mkaa, niendelee kuzitoa kama kawaida, ila ziingie kwenye kibubu. Fundi seremala wa mtaa wa pili alitutengenezea kibubu cha mbao kisicho na mlango. Kukifungua ni mpaka ukivunje.

Siku ya thelathini kilikuwa na ile 60,000 yetu yote. Mafuta yalikuwa bado yapo. Mkaa ulikuwa umepita nusu kidogo. Kuanzia hapo kila kilichobaki kilikuwa faida, na faida hiyo ndiyo iliyonunua kitu cha jumla kilichofuata. Sijawahi kuwa na mtaji mwingine wa nyumba zaidi ya ule.

Nitaje na mtego wake. Dumu likikaa jikoni, mkono unakuwa mwepesi. Ukiona lita tano zimejaa unamimina kama una kisima. Mimi dumu naliweka chini ya kitanda, jikoni inakaa ile chupa yenye mistari, na mafuta yanaingia sufuriani kwa kijiko cha chakula. Vijiko vinane kwa siku kwa watu wanne. Kwa utaratibu huo lita tano zilitufikisha siku arobaini, wakati kwa vipimo vya dukani zingeisha siku ya ishirini na tano.

Mkaa una siri zake ndogo, na hizi nilifundishwa na mama mkwe wangu wa Kibosho, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akitupa kitu chenye moto. Ukimaliza kupika usiache makaa yajifie jikoni. Yatoe kwa koleo, yaweke kwenye ndoo ya bati, funika na mfuniko unaobana. Yakikosa hewa yanazima yenyewe, na kesho yanashika moto haraka kuliko mkaa mpya. Usiyamwagie maji. Na ndoo hiyo ikae nje, kwani hewa ya sumu ya mkaa ndani ya chumba inaua watu wakiwa wamelala. Kitu kingine, ukishateremsha chakula weka sufuria ya maji ya kuogea hapo hapo. Juni na Julai kwetu baridi si mchezo, na moto ule unaofifia unatosha kuogesha watoto wawili.

Lakini kilichopunguza mkaa kuliko vyote ni kapu.

Maharage ndiyo yaliyokuwa yanamaliza gunia langu, saa mbili hadi tatu jikoni, unaongeza mkaa mara mbili. Nilikuwa nimesikia habari za kupika ndani ya kapu, nikawa siamini. Kwa kuwa mabaki ya vitambaa hayaniishi, siku moja nikajaribu. Nilichukua kapu kubwa la ukindu la kwendea sokoni. Nikashona mto wa mviringo unaokaa chini, mwingine mrefu unaozunguka ubavuni, na wa tatu wa kufunika juu, yote nikaishindilia vipande vya vitenge na sweta kuukuu za mitumba. Ukitia mkono ndani unatakiwa usione upenyo popote, sufuria ikae kama yai kwenye kiota.

Unavyofanya ni hivi. Maharage yalale kwenye maji usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine, bandika kwenye moto mkali na mfuniko. Yakianza kutokota hesabu dakika ishirini za kutokota kwelikweli, bila kupunguza moto. Hapo usifanye haraka, kwa sababu maharage, hasa mekundu, yana sumu inayokatwa na mchemko tu. Yakiingia kwenye kapu bila kuchemka sawasawa, tumbo litakwambia. Kisha bila kufunua ipua, tia kwenye kapu, funika mto wa juu, weka na ubao juu yake. Nenda kashone. Baada ya saa nne nilifunua, mvuke ukanipiga usoni, nikachukua harage moja nikalibonyeza kwa vidole viwili likapasuka kama siagi. Nilisimama pale jikoni peke yangu nikacheka kwa furaha. Mkaa niliotumia ulijaa viganja viwili.

Sufuria iwe imejaa karibu yote, kwa kuwa ikiwa nusu inapoa haraka. Maharage ya mwaka juzi hayaivi hata ufanye nini, kapu halina muujiza. Na usiyaache humo mpaka yapoe; yatoe yakiwa ya moto, uyarudishe jikoni yachemke tena pamoja na kitunguu na nyanya. Wali unachemka dakika tano unaingia kwenye kapu nusu saa au zaidi kidogo. Ndizi za mtori zinapenda kapu kuliko chakula chochote. Makande, mahindi makavu na maharage pamoja, nayapa kipindi kirefu zaidi kwenye moto, kisha yanashinda kwenye kapu mpaka watoto warudi shule.

Tangu hapo nimeshawashonea kapu wanawake wa mtaa huu, na wengine wa Njoro na Majengo. Sikupanga iwe biashara.

Julai ile, maharage mapya yalipoanza kushuka, sado, lile kopo la kupimia nafaka, pale soko la Mbuyuni ilikuwa Sh6,500. Nilikumbuka kuwa Februari nililipa 9,500. Sisi wanawake watatu tukachanga tukanunua gunia, tukagawana kwa sado ileile ili pasiwe na manung'uniko. Mimi nilitia yangu kwenye kiroba, nikakiegemeza ukutani nyuma ya mlango, nikajisikia tajiri.

Septemba nikasikia kitu kama mchanga unachekecheka. Nilipofungua kiroba kulikuwa na unga chini, na maharage yametobolewa matundu madogo ya mviringo. Karibu theluthi yaliharibika. Nililia, sisemi uongo. Ile ilikuwa hela ya kibubu, elfu mbili mbili za siku nyingi.

Nilipanda Kibosho Jumapili iliyofuata na mfuko wa maharage mabovu mkononi. "Shikamoo mama." "Marahaba mama Neema, umebeba nini?" Akatia mkono mfukoni, akatoa harage moja akaliuma. Jino likazama. "Haya hayakukauka. Ulinunua maharage ya juzi shambani." Lililokauka linapasuka kwa kishindo, linakataa jino. Akanipeleka nyuma ya nyumba ambako alikuwa ameanika yake juu ya turubai kwenye jua, ameyatandaza membamba, akayageuza kwa mikono miwili huku akiongea. Yakishakauka anayachanganya na majivu ya jikoni yaliyochekechwa, ndiyo anaweka akiba. Siku ya kupika unapepeta na kuosha, basi.

Nyumbani mimi naongezea dumu. Nikishayaanika siku mbili tatu nayatia kwenye dumu kavu la lita 20 mpaka juu kabisa, nafunga kifuniko kwa nguvu na kipande cha nailoni chini yake. Mdudu aliyeingia na mayai yake anakosa hewa. Ipo pia mifuko ya tabaka tatu inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo inayofanya kazi hiyohiyo, na kwa anayeweka gunia zima ni bora kuliko dumu. Kwa mahindi nina kipimo kingine nilichofundishwa na mkulima wa Mabogini: tia kiganja cha mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza chumvi kavu, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji. Ikianguka yote chini, weka ghalani. Sinunui debe la mahindi siku hizi bila chupa yangu mkobani, na wauzaji wa Mbuyuni wameshanizoea.

Tangu 2020 sijapoteza hata sado moja.

Niseme kuhusu umeme, maana hapa watu wengi wanalipa zaidi bila kujua kwa nini. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na wapangaji wanne na mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tulikuwa tunachanga, na kila wiki kulikuwa na ugomvi: nani ana pasi, nani anaacha taa ya nje, mtoto wa nani anaangalia televisheni usiku. Mimi mwenyewe nilikuwa natumia taa tatu, redio na kuchaji simu. Nikawa najiuliza kwa nini hela ninayotoa hailingani na matumizi hayo.

TANESCO, shirika la umeme, wana kundi la wateja wa majumbani wanaotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Hao uniti yao ni Sh100 kabla ya kodi, kama 122 ukijumlisha makato. Wanaozidi hapo wanalipa karibu 356 kwa uniti, karibu mara tatu. Nyumba nne zikikaa kwenye mita moja, hata kama kila moja inatumia uniti 30 tu, mita inasoma 120, na wote wanne mnalipa bei ya juu. Umasikini wa kila mmoja wenu unahesabiwa kama utajiri wa mtu mmoja.

Kipindi kile kuunganisha umeme kulikuwa kumeshuka hadi Sh27,000. Tulimwendea baba mwenye nyumba sote wanne, tukamwambia kila mpangaji atachangia mita ya kwake na tutamwachia hapo hapo tukihama. Alikubali. Kazi ya nyaya ndiyo iliyokula hela zaidi, tukakubaliana itolewe kwenye kodi kidogo kidogo. Mwezi wa kwanza wa mita yangu nilitumia uniti 26. Ugomvi ukaisha siku hiyohiyo, na hilo nalithamini kuliko hata hela. Mwanzoni mwa 2022 gharama ya kuunganisha mjini ilirudi kupanda kupita Sh300,000, kwa hiyo kama mnajadiliana na mwenye nyumba leo hesabu yenu ni nyingine. Bado nadhani kwa wapangaji wengi inalipa, ila pigeni hesabu ya miezi kwanza.

Kuna na makato ya kodi ya jengo kupitia LUKU yaliyoanza 2021, elfu moja kwa mwezi wakati ule na baadaye 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Ikiangukia kwenye mita yako, hifadhi jumbe za LUKU na mkubaliane aipunguze kwenye kodi ya pango. Wa kwetu alikubali bila neno nilipomwonyesha jumbe za miezi sita.

Pasi: ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima mfululizo inamaliza uniti moja. Mimi ni fundi, pasi siwezi kuikwepa, lakini nguo za wiki nzima za watoto zinapigwa Jumapili mara moja, pamoja na kazi za wateja, pasi ikiwa imeshapata moto. Za hariri na laini napiga mwisho, baada ya kuchomoa.

Maji yalituletea kisa. Mwaka 2022 bili ya nyumba ilipanda ghafla karibu mara mbili, na kidole kikaanza kunyooshwa kwa mama mmoja aliyekuwa amejifungua, eti anafua nepi kutwa. Alikuwa analia chumbani mwake. Nikamwambia mume wangu tuangalie mita usiku watu wakilala. Saa sita usiku, mabomba yote yamefungwa, ile gurudumu ndogo ya mita ilikuwa inazunguka taratibu. Nilipika kahawa nyeusi nzito, Moshi hatukosi kahawa, nikaimwaga kwenye tenki la choo cha nje cha kuvuta, nikamwambia kila mtu asivute mpaka asubuhi. Kulipokucha maji ya kwenye sinki la choo yalikuwa ya kahawia. Raba ya ndani ya tenki ilikuwa imelika, maji yanapita mchana na usiku bila sauti. Raba mpya Sh3,500. Yule mama tulimwomba radhi mmoja mmoja.

Maji ya kuoshea mchele na mboga hayajawahi kuingia kwenye mfereji wangu. Kwa watu wa huku, mgomba unaujua mlango wa jiko. Mama mkwe alinipa chipukizi la mgomba wa mshare, likapandwa pale yanapotoka maji ya vyombo, na mwaka wa pili tukakata mkungu. Sisi ni wapangaji, mgomba utabaki. Haidhuru.

Mitumba naipenda na naijua kwa kazi yangu. Pale soko la Memorial sinunui nguo kwa kuangalia rangi, naigeuza ndani. Mshono uliopigwa mara mbili, pindo lenye kitambaa cha kuachia, shati la shule lenye mkono unaoweza kushushwa. Kiatu cha ngozi kilichovaliwa, chenye soli iliyoshonwa, nilimnunulia Neema kwa 12,000 kikamfikisha miaka miwili na akamrithisha Elia. Cha plastiki kipya cha 8,000 kilikuwa kinapasuka kabla muhula haujaisha.

Nyanya zikishuka Machi au Septemba nanunua ndoo, naenda jioni wauzaji wanapofunga, nazichemsha na mafuta kidogo na chumvi mpaka zikauke, natia kwenye chupa za kioo zilizochemshwa na mafuta ya kufunika juu. Friji hatuna, kwa hiyo nazitumia ndani ya siku chache na nyingine nagawana na jirani mwenye friji kwa zamu: yeye anatunza, mimi napika.

Desemba ni mwezi wa kujilinda. Wachagga wote wa Dar es Salaam wanarudi, magari yanajaa barabara ya Marangu na Machame, na bei ya kila kitu inawafuata, nyama, mchele, hata ndizi. Mimi mchele wa sikukuu nanunua Oktoba. Nyama tunachanga nyumba tano, tunanunua mbuzi mapema, tunampeleka Kibosho alishwe majani ya migomba, tunachinja tarehe 24. Kwa bei ya buchani siku hiyo tungepata robo yake.

Nimewahi kupoteza pia. Mchezo wa wiki, wa kupeana hela kwa zamu, tulioucheza wanawake kumi ulivunjika zamu yangu ikiwa imebaki moja, aliyetunza hela akahama mtaa. Tangu siku hiyo nacheza tu na watu wanaonijua nyumbani kwangu na ninaowajua kwao, na hela haikai kwa mtu hata usiku mmoja: inachangwa, inahesabiwa mbele ya wote, anaondoka nayo mwenye zamu. Nimejifunza pia kutofuata bei nafuu kwa bodaboda. Ukiokoa 800 kwenye sukari ukalipa 2,000 kwenda na kurudi, umempa dereva akiba yako. Mjini naenda mara moja kwa wiki mbili, kwa daladala, na orodha ya daftarini.

Na kuna ambavyo sibani. Maziwa yalirudi Agosti ile ya 2020 na hayajaondoka tena, nusu lita kwa kila mtoto, hela ikiwepo au isipokuwepo. Daftari za shule. Dawa mtu anapoandikiwa, anamaliza dozi yote, hatugawani vidonge. Mboga za majani, mnafu na mchicha, ambazo hapa ni bei ndogo kiasi kwamba kuzibana ni kujinyima afya bure. Nimeona nyumba zikiokoa hapo na kulipa hospitali mara kumi.

Wageni walirudi mlimani, shule zikafunguliwa, mume wangu anapanda kama zamani. Tipu yake ya kwanza ya kila msimu inaingia kwenye kibubu kabla haijaingia dukani. Kibubu cha sasa ni cha tano; vile vinne tuliviwashia moto, mbao zake kavu zilishika vizuri.

Mwezi uliopita msichana aliyepanga chumba cha mwisho, ana mtoto mchanga na mumewe ni mpagazi, alinigongea asubuhi na kikombe. "Dada, naomba mafuta kidogo, ya kupima tu, nitakulipa jioni." Nikamtilia. Kisha nikamkaribisha ndani, nikafungua daftari nyuma, ukurasa mpya, nikamuuliza jana alinunua nini. Tuliandika pamoja mpaka chai ikapoa. Jumamosi hii tunakwenda naye Mbuyuni. Dumu moja la lita 5 tunagawana nusu kwa nusu, kwa ile chupa yenye mistari.